Ukungu Amefika

Ilikuwa karibu saa sita usiku. Nilikuwa nimetumia muda wa kutosha kupikia maharage nikiuchonga uso wa mhusika wangu mpya: pua nikaipunguza, kovu nikalivuta kutoka shavuni hadi kidevuni, nikalirudisha, nywele nikazipaka rangi ya majivu. Kikabaki kisanduku kimoja tu chini ya skrini, na ndani yake kile kishale kinachopepesa kama jicho la mtu anayesubiri jibu.

Jina.

Hapo sikuwa na wasiwasi. Jina ninalo. Ninalo tangu gemu yangu ya kwanza ya majoka na mapanga: Kaelthir. Nililibuni mwenyewe, au ndivyo nilivyoamini, na nimelivika wapiga mishale, wachawi, na hata mwizi mmoja wa makaburini niliyempenda kuliko wote. Nikaliandika bila kuangalia kibodi, nikabonyeza.

Maandishi mekundu yakaniambia kuwa jina hilo limeshachukuliwa.

Nikaliandika tena, polepole, nikidhani nimekosea herufi. Sikuwa nimekosea. Mahali fulani duniani kuna mtu ambaye hatujawahi kuonana, anaitwa Kaelthir, naye aliniwahi.

Nilizima mashine nikaenda kulala. Sikulala.

Pipa moja

Wiki tatu sasa nimekuwa na jambo hili kichwani. Si hasira, maana aliyeniwahi hakunikosea kitu. Ni lile swali: ikiwa jina nililitoa tumboni mwangu, lilifikaje tumboni mwa mwingine?

Nikalivunjavunja. Kael. Ukweli ni kwamba nilijua lilikotoka, nilikuwa nimejisahaulisha tu. Kael'thas Sunstrider, mwanamfalme wa elfi wa damu, wale watu wa hadithi wenye masikio marefu, katika gemu za Warcraft. Mimi nilimkata mkia nikambandika mwingine. Hiyo siyo kubuni. Hiyo ni kubadilisha namba za gari la wizi.

Na mkia wenyewe pia niliuokota njiani. Mcheza gemu yeyote wa aina hii anajua kanuni hata kama hajawahi kuitamka. Ukitaka elfi, anza na el au ael, weka th au r laini katikati, malizia na ion kwa mwanamume na iel kwa mwanamke. Ukitaka zimwi la vita, kusanya g, k, r na u, uzigonganishe mpaka zitoe cheche. Ukitaka pepo mbaya, mwaga x na z, kisha uchomeke ritifaa, kile kialama cha ('), mahali popote. Sote tunachota pipa moja. Ajabu siyo kwamba Kaelthir lilichukuliwa. Ajabu ni kwamba lilinidumu miaka yote hiyo.

Kuna waliokataa kuchota humo, na majina yao ndiyo yaliyonikaa. Katika gemu za The Elder Scrolls, wale Waorki, mazimwi wa vita, huwa na gro kwa mwanamume na gra kwa mwanamke mbele ya jina la ukoo. Ni bin na binti, basi, na mara ya kwanza nilipoligundua hilo nilijisikia kama nimekutana na jirani ugenini. Wakhajiit, wale watu-paka, wao hutanguliza silabi inayosema mtu ni nani: Ri kwa kiongozi, Do kwa mpiganaji, Dar kwa mwizi. Na katika Final Fantasy XIV kuna watu wadogo waitwao Lalafell ambao majina yao hurudiarudia silabi: Tataru Taru, Papalymo Totolymo. Nani kati yetu hawezi kuyaimba majina hayo? Sisi tuliokulia kwenye polepole, kizunguzungu na bembea ya maneno ya namna hiyo?

Aliyeyatunga hayo hakuanza na sauti inayopendeza. Alianza na watu wanaoitana.

Mimi Kaelthir wangu hakuwahi kuitwa na mtu.

Kicheko

Usiku wa pili nilirudi kwenye kisanduku. Nikamtazama mhusika: mwembamba, nywele za majivu, anakanyaga ardhi bila kuisumbua. Neno likaja lenyewe.

Ukungu.

Nikaliandika. Nikalitazama. Nikacheka kwa sauti, peke yangu, kisha nikalifuta upesi kama mtu aliyekutwa akijiongelesha mbele ya kioo.

Kicheko kile ndicho kilichonisumbua kuliko maandishi mekundu. Kaelthir halina maana yoyote, na nililiheshimu. Ukungu lina maana, tena nzuri, na nikalicheka. Ni kama vile nauli ya kuingilia ulimwengu wa ndoto ni kutoelewa unachoambiwa.

Nilijitetea kwanza. Nilisema neno unalolijua linakuamsha usingizini. Ukisoma Kaelthir unamwona Kaelthir, lakini ukisoma Ukungu unaona dirisha lenye maji asubuhi. Ndoto inahitaji jina tupu, lisilo na mizigo ya nyumbani. Utetezi huu ulinitosha siku nne au tano, nami niliuona wa maana kabisa.

Kisha nikamkumbuka Cloud.

Final Fantasy VII ilitoka mwaka 1997, na shujaa wake ni kijana mwenye upanga mpana kama mlango, na jina lake ni Wingu. Wingu tu. Aliyemwokoa Zelda tangu mwaka 1986 anaitwa Link, yaani kiungo. Mimi niliyatamka majina haya kwa miaka bila kukunja hata ukope, kwa sababu nilikuwa nimesimama nje ya lugha yake. Kwa waliozaliwa ndani ya Kiingereza, Cloud lilikuwa ukungu wao. Huenda nao walicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu walikuwa wakimlilia.

Aliyenishika kooni hasa ni Thrall. Yule kiongozi wa Waorki katika Warcraft, nilimfuata vita baada ya vita nikidhani jina lake ni mngurumo tu, sauti iliyotoka kwenye lile pipa. Kumbe ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya mtumwa. Binadamu aliyemkuta akiwa mtoto mchanga, akamlea ili ampiganishe kwa faida yake, ndiye aliyempa. Wazazi wake walikuwa wamemwita Go'el. Akatoroka, akawaongoza watu wake, na wakati wote huo kila aliyemshangilia alikuwa akishangilia jina la pingu zake.

Nilikosa nusu ya hadithi kwa kutoelewa neno moja. Halafu bado nashikilia kwamba kutoelewa ndiko kunakonogesha?

Herufi nne

Hapa niingize jambo la kiufundi kidogo, maana tunazungumza kana kwamba jina huchaguliwa kwa moyo peke yake. Mara nyingi huchaguliwa na kumbukumbu ya mashine.

Final Fantasy ya kwanza, ya mwaka 1987, ilimpa kila mhusika nafasi ya herufi nne. Kwa Mjapani hiyo haikuwa dhiki kubwa, kwa sababu herufi yake moja ya kana kwa kawaida ni silabi nzima. Nne zinatosha jina lenye mwili na mkia. Kwa mwandishi wa herufi za Kilatini, nne ni jina na kiatu kimoja. Shujaa wa Chrono Trigger, gemu ya mwaka 1995, anaitwa Crono bila h ile iliyo kwenye jina la gemu yenyewe. Nafasi zilikuwa tano. Huyo h aliachwa stendi.

Nilipofikiria hilo nikaanza kuhesabu silabi za kwetu. Lugha yetu inapenda konsonanti na irabu zitembee wawili wawili, kwa hiyo herufi nne zinatupa silabi mbili kamili: Moto, Duma, Radi, Kozi. Hakuna linaloonekana limekatwa. Herufi sita ni utajiri. Undertale, ya mwaka 2015, inakuruhusu sita tu, na U-ku-ngu inaingia humo kama mkono kwenye glavu.

Kisanduku ambacho wengine wanakilalamikia kimeshonwa kwa vipimo vyetu, na mimi niko hapo nakijaza th.

Niliwahi pia kujaribu majina ya aina ya Waargonia, wale watu-mijusi wa Elder Scrolls ambao baadhi yao huitwa kwa sentensi, kama Scouts-Many-Marshes. Kwao panahitajika vistari viwili na nafasi ndefu. Sisi sentensi nzima inakaa ndani ya kitenzi kimoja. Siogopi. Tutakutana. Nilikuwa na mpiganaji niliyemwita Hajarudi, nikamtumikisha wiki mbili, na kila nilipotoka naye pangoni rafiki yangu alikuwa akitangaza kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: “Hajarudi amerudi!” Mzaha haukuchakaa. Mhusika ndiye alichakaa.

Ritifaa na ufagio

Basi usiku mmoja nikaamua kujaribu kwa dhati. Sikutaka Ukungu bado, aibu ilikuwa haijaisha, lakini nilitaka neno letu. Nikaandika Mng'aro.

Kisanduku kikakataa. Herufi tu, alama haziruhusiwi.

Hapo nilikasirika kweli, na hasira yangu ina sababu. Wahusika waliobuniwa na wenye gemu za aina hii hujipamba kwa ritifaa kama shanga: Kael'thas, Go'el, na wengine chungu nzima. Ndani ya World of Warcraft kwenyewe, ritifaa ni ya wenyeji wa dunia ile. Mchezaji haruhusiwi kuiweka kwenye jina lake. Na kwa majina mengi ya namna hiyo, ukiitoa, sauti haibadiliki sana. Ni urembo. Kwetu sisi ritifaa inafanya kazi ya mshahara. Iondoe kwenye ng' na umebadilisha sauti, umeua neno. Mngaro ni nini? Si kitu. Ni mng'aro uliovunjika meno.

(Nimewahi kuwaza kwamba, kwa kanuni za lile pipa, neno lenye sura ya kifantasia kuliko yote katika lugha yetu ni ng'ombe. Liweke kwenye ramani ya kuzimu, “Hekalu la Ng'ombe”, na mtu asiyejua Kiswahili atachomoa upanga.)

Nikajaribu jingine. Nilikuwa na mchawi wa kike wa akiba, mzee, mwenye kelele, nikasema huyu ataitwa Ufagio. Likakataliwa pia, safari hii kwa kosa la lugha chafu. Nilikaa dakika nzima nikilitazama neno la ufagio nikitafuta uchafu wake, mpaka nikauona: herufi tatu za katikati ni tusi kwa Kiingereza. Kichujio hakisomi neno. Kinapapasa vipande. Nikiwa nimeshapata uzoefu huo, nikajua bila kujaribu kwamba Shituka naye hafiki popote.

Nisijifanye tumeonewa peke yetu. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walizuiwa kufungua akaunti za AOL, kampuni ya intaneti, kwa sababu ya herufi zilizojificha ndani ya jina la mji wao. Na katika gemu za Dark Souls, ambazo zimejaa mashujaa wa deraya mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na wachezaji walioandika Knight, neno lenyewe la shujaa wa aina hiyo, likaonekana kwa wenzao kama K***ht. Mwenye nyumba amekatazwa kuingia kwake.

Ila wao walijua wanakosewa. Mimi kwa sekunde kadhaa nilidhani kweli ufagio ni tusi.

Nani ataliita?

Rafiki ninayecheza naye alichoka na simu zangu za usiku. “We kaka,” akasema, “jina ni jina. Hakuna atakayekuita.”

Na kwa kiasi kikubwa ana haki. Tangu wahusika wa gemu walipoanza kuwa na sauti, majina yetu yamegeuka kuwa bubu. Mwaka 2001 Final Fantasy X ilikuja na waigizaji waliorekodiwa. Shujaa wake unaruhusiwa kumbadilisha jina, na kwa hiyo katika gemu nzima hakuna anayelitamka. Wanampenda, wanagombana naye, wanaagana naye, wote wakilizunguka jina lake kama shimo barabarani. Mass Effect ikatafuta njia ya pembeni: jina la kwanza chagua mwenyewe, ila la ukoo ni Shepard, na wote watakuita hilo. Skyrim ikakupa cheo, Dovahkiin. Fallout 4, ambayo si ya majoka lakini niivumilieni, ilirekodi roboti mtumishi akitamka mamia ya majina ili akikutana na lako akuite. Sijui kama nicheke au nilie kwa wazo la mwigizaji aliyesimama mbele ya maikrofoni akisoma orodha ya majina kama mwalimu wa zamu, akitumaini mmoja wetu ataitika.

Lakini kuna kitu rafiki yangu hakukipima. Jina lisilotamkwa na yeyote humo ndani hutamkwa na mtu mmoja tu, kimoyomoyo, kwa saa mia mbili. Ndiye anayelihitaji liwe zuri.

Adahn

Kama hamjacheza Planescape: Torment ya mwaka 1999, mnaweza kuruka sehemu hii, ila nitasikitika.

Shujaa wa gemu hiyo hana jina. Ameshakufa mara nyingi, akifufuka amesahau, na hilo la kuitwa limepotea njiani. Watu wakimuuliza, mchezaji anaweza kudanganya kwa kujibu kuwa anaitwa Adahn. Ni uongo mdogo, wa kupita mlangoni. Ukiurudia mahali hapa na pale, katika dunia ile ambayo imani ya watu huumba vitu, siku moja unaingia baa na kumkuta bwana mmoja ambaye hakuwepo. Anaitwa Adahn. Amekuwepo kwa sababu umelitaja jina lake mara za kutosha.

Nilipokutana naye mara ya kwanza, miaka ile, nilidhani ni mzaha wa waandishi. Wiki hizi tatu nimemfikiria tofauti. Yule bwana hakuumbwa na uzuri wa jina. Adahn si jina zuri, ni sauti ya mtu aliyekamatwa bila jibu. Ameumbwa na kurudiwa.

Gemu za zamani zililijua hili kwa namna zao. Dragon Quest ya mwaka 1986 ilizichukua herufi za jina ulilojipa, ikapiga hesabu nazo, na kutokana na hesabu hiyo ikaamua nguvu zako, wepesi wako na namna utakavyokua. Haikukwambia. Watu wawili walicheza gemu moja na kuona mmoja anapata shida kuliko mwenzake, na tofauti yao ilikuwa majina. The Legend of Zelda, mwaka huohuo, ukijiandikisha kwa jina ZELDA ilikurukisha moja kwa moja hadi safari ya pili, ile ngumu. Katika NetHack ukichukua jambia la kielfi ukaliita Sting, jambia linageuka kuwa silaha ya hadithi kwelikweli. Ukikwaruza neno Elbereth mavumbini chini ya miguu yako, majini mengi yanaogopa kukusogelea. Na ukifa, kuna wakati mchezaji mwingine hushuka ngazi hizohizo akakuta mzuka wako juu ya mali zako, una jina lako, na unampiga.

Undertale sitaieleza, maana atakayeharibiwa hatanisamehe. Niseme tu kwamba inakuuliza jina mwanzoni, na inakuja kukuonyesha baadaye kwamba hukuelewa swali lilimhusu nani.

Hizi zote hazikuniuliza kama jina linasikika kama la elfi.

A mahali pa U

Nikaandika Ukungu. Kilikuwa kisanduku kilekile, usiku mwingine, nimechoka. Likakubaliwa papo hapo. Kati ya maelfu wa seva ile, hakuna aliyekuwa amelitaka.

Siku za kwanza niliona haya. Herufi zilielea juu ya kichwa chake na kila nilipoziona niliona hali ya hewa. Mchezaji mmoja mgeni akaniuliza, kwa nia njema kabisa, ni programu gani ya kubuni majina ninayoitumia, maana hili limetoka vizuri. Nilikaa na ujumbe wake muda mrefu. Kwake mimi ndiye Kaelthir. Neno langu, lenye asubuhi na baridi ndani yake, kwake ni sauti tupu inayopendeza. Hapo nilipata shaka mpya ambayo bado sijaimaliza: je, nimeleta neno langu humu, au nimeongeza tu kitu kwenye lile pipa, wengine waje wachote?

Sikumjibu kuhusu programu. Nilimwambia asante.

Wiki ya pili nikampigia rafiki yangu kulalamika juu ya lile zimwi la darajani, lenye nyundo. Nikamwambia, “Jana usiku Ukungu amekufa mara nne.”

Nikasita.

Amekufa. Sikusema umekufa. Ukungu wa kawaida hutanda, huzidi, hutoweka: umetanda, umezidi, umetoweka. Maisha yangu yote neno hilo limetembea na u yake. Na mimi, bila kufikiri, bila mtu kunisahihisha, niliivua ile u nikamvika a. A ya mtoto na mama na mwizi. Ngeli ya wenye pumzi.

Kiingereza hakina mlango huu. Cloud akifika na wingu likifika, kitenzi chao ni kilekile; kwenye maandishi wanaegemea herufi kubwa, na kwenye mazungumzo hawana hata hiyo. Sisi tunasikia kabisa neno linapovuka. Ukungu umefika, funga dirisha. Ukungu amefika, mpishe akae. Herufi moja imebadilika, na chumbani ameongezeka mtu.

Nilirudi nyuma nikajikagua. Siku ile ya kicheko nililisomaje? Nilisoma “ukungu” na akili ikakamilisha na u, kwa sababu hapakuwa bado na kitenzi. Hakuwa amefanya kitu. Hakuwa ameanguka darajani, hakuwa ameiba funguo za mlinzi wa mnara wala kumbeba mwenzake mgongoni. Jina lilikuwa limesimama peke yake kwenye kisanduku, bila sentensi, nami nikalihukumu hapohapo kama mtu anayehukumu nguo ikiwa bado kwenye henga.

Hajarudi pia alikuwa amevuka, sasa ninakumbuka. Hajarudi amerudi. Tulicheka kwa sababu ya mgongano wa maneno, hatukugundua kwamba sentensi ile ilikuwa imekaa sawa kabisa kisarufi.

Na Kaelthir? Nimejaribu kukumbuka sentensi hata moja niliyowahi kusema juu yake kwa sauti. Sina. Nilikuwa nasema “nimekufa”, “nimepata upanga”, “nimeshindwa”. Ni mimi tu, nimevaa kofia ndefu. Kwa nini Ukungu nilimsema kama mtu mwingine, sina jibu lililonyooka. Labda kwa sababu neno lilikuwa na maisha kabla yangu, ikabidi nilipishe.

Uku

Mwisho nililoogopa halikutokea, likatokea ambalo sikulitarajia. Kundi tunaloingia nalo mapangoni lilikaa nalo jina langu dakika kumi hivi, kisha wakalikata. Herufi sita ni nyingi wakati joka limefungua kinywa. Nikawa Uku. Wiki tatu za kukosa usingizi, ritifaa, ufagio, hoja zote hizo, na watu wasiojua lolote wakaning'oa silabi nzima ili wawahi kuniomba niwaponye.

Nilitaka kuandika kulalamika. Nikaanza hata sentensi. Ila mmoja akapiga kelele, “Uku!”, nami nikageuka. Mkono uligeuza kamera kabla sijaamua kama nakubali.

Jana tulikuwa wawili tu, mimi na rafiki yangu, kwenye lile bonde lenye giza chini ya daraja. Intaneti yangu ikakatika kidogo, nikaganda, yeye akaendelea mbele na zimwi liko nyuma yake. Sauti ikarudi kabla ya picha. Nilimsikia anatafuta, anahema, na yeye ndiye aliyeniambia kwamba jina ni jina tu.

“Uku, uko?”

“Nipo.”